Injini Ikizima Angani: Maswali ya Abiria kuhusu Hitilafu za Injini na Nani Anabeba Dhamana

Kila inapotoka habari ya ajali ya ndege, simu yangu haitulii. Niliwahi kufanya kazi ya ufundi wa ndege, na kwa ndugu na majirani hilo linatosha kunifanya mjuzi wa kila kitu kinachopaa. Maswali huwa ni yale yale, kwa hiyo nimeona niyaandike mara moja. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu ndipo penye mambo. Mengine mistari miwili mitatu inatosha.

Injini moja ikizima, ndege inaanguka?

Hapana. Ndege ya abiria yenye injini mbili haipewi cheti mpaka ithibitishwe kwamba inaweza kuendelea kuruka kwa injini moja, tena katika dakika mbaya kuliko zote: ikiwa inakimbia njiani kupaa, imejaa mafuta na watu.

Kabla ya kila safari marubani hukokotoa kasi wanayoiita V1. Injini ikifa kabla ya kasi hiyo, wanafunga breki na kusimama. Ikifa baada yake, wanapaa nayo hivyo hivyo, kwa sababu njia iliyobaki haitoshi kusimama. Hesabu hiyo hubadilika kwa uzito, joto, upepo na mwinuko wa uwanja. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na mchana wa jua kali injini hutoa nguvu pungufu kuliko ile ile ikiwa Mombasa. Ndiyo maana wakati mwingine mizigo hupunguzwa ilhali nafasi bado ipo. Abiria hulalamika kwamba shirika limewaonea, kumbe ni ile hesabu ya injini moja inayofanya kazi yake.

Zoezi la kufiwa na injini wakati wa kupaa ni miongoni mwa yale ambayo rubani hurudia tena na tena kwenye mashine ya mazoezi katika maisha yake yote ya kazi.

Na zikizima zote?

Hapo ndege inakuwa tiara kubwa isiyo na kamba, lakini bado ni ndege. Mabawa ndiyo yanayoibeba. Injini kazi yake ni kuisukuma. Kutoka kimo cha kilomita 10 ndege kubwa inaweza kuteleza hewani kwa zaidi ya kilomita 100 kabla ya kufika chini.

Tarehe 24 Juni 1982, Boeing 747 ya British Airways iliingia usiku kwenye majivu ya volkano ya Galunggung, Indonesia, na injini zote nne zikazima. Kapteni Eric Moody na wenzake waliteleza nayo mpaka wakatoka kwenye wingu la majivu, injini zikakubali kuwaka tena, wakatua Jakarta wakichungulia kupitia kioo kilichosuguliwa na majivu kama kwa msasa. Mwaka 2009 Airbus A320 ya US Airways iligongana na kundi la mabata bukini mara tu baada ya kupaa New York. Kapteni Sullenberger akaitua juu ya mto Hudson, na watu wote 155 wakatoka hai.

Kwetu huku kuna tukio lililo karibu zaidi ambalo wengi wamelisahau. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilitekwa. Watekaji walitaka kupelekwa Australia na hawakumsikiliza Kapteni Leul Abate alipowaambia mafuta hayatoshi. Injini zikakauka mafuta, moja kisha ya pili, na ndege ikaangukia majini karibu na ufuko wa Ngazija, Komoro, watu wakiitazama kutoka nchi kavu. Kati ya watu 175 walikufa 125. Sehemu ya vifo hivyo inatakiwa kumkaa kila abiria kichwani: wapo waliopuliza maboya yao wakiwa bado ndani ya ndege. Maji yalipoingia, boya likawabana juu darini wakashindwa kupiga mbizi kuufikia mlango. Yule mhudumu anaposema usipulize boya mpaka utoke nje, wewe huku unaandika ujumbe wa mwisho kwenye simu, ndiko linakotoka neno lake.

Nimesikia mlipuko na kuona ulimi wa moto nyuma ya injini. Hiyo si ndiyo imeungua?

Mara nyingi injini imecheua tu. Hewa inayoingia mbele ikivurugika, mtiririko ndani ya kompresa, sehemu ya injini inayobana hewa, hukatika, na moto uliotakiwa kubaki tumboni hutoka kwa mbele au kwa nyuma kwa kishindo. Inatisha kama bunduki, na ikirudiarudia ndege nzima hutikisika. Rubani hupunguza nguvu ya injini hiyo, na nyingi hutulia. Moto wa kweli una king'ora chake huko mbele na mpini wake wa kuvuta, unaokata mafuta na kuruhusu mtungi wa dawa ya kuzimia moto.

Nini hasa huharibu injini?

Ndege wa angani, majivu, mafuta yaliyoisha au yaliyoingia barafu, ufundi mbovu, na chuma kuchoka. Ndege wa angani tunawachukulia kama mzaha, lakini mwaka 1988 Boeing 737 ya Ethiopian Airlines ilimeza njiwa ilipopaa Bahir Dar, injini zote mbili zikaharibika, na watu 35 wakafa. Dampo karibu na uwanja ni suala la usalama wa anga, hata kama anayelisimamia ni halmashauri ambayo haijawahi kuona cheti cha ndege.

Lakini kinachowanyima usingizi wahandisi ni kuchoka kwa chuma. Chukua waya mwembamba, ukunje na kuukunjua, ukunje na kuukunjua. Hauvunjiki mara ya kwanza wala ya kumi. Unaanza na ufa usioonekana kwa macho, ufa unasogea kidogo kidogo kila unapokunja, halafu siku moja unakatika kwa kukunja kule kule ulikozoea. Panga la feni la injini hufanyiwa hivyo kila safari: linavutwa kwa nguvu kubwa mno ndege ikipaa, linaachiwa ikitua. Kwa hiyo maisha ya vyuma hivi huhesabiwa kwa idadi ya safari. Ndege inayoruka Dar es Salaam na Zanzibar mara nane kwa siku huchosha vyuma vyake upesi kuliko inayokwenda Guangzhou mara moja.

Tarehe 4 Novemba 2010 Airbus A380 ya Qantas ilipaa kutoka Singapore kuelekea Sydney ikiwa na watu 469. Dakika chache baadaye, juu ya kisiwa cha Batam, injini namba 2 ilipasuka. Chanzo kilikuwa kijibomba cha mafuta ya kulainishia ndani ya injini ya Rolls-Royce. Kiwandani kilitobolewa upande, tundu likawa nje ya kitovu chake, ukuta wa upande mmoja ukabaki mwembamba kuliko ulivyotakiwa. Ukapata ufa, mafuta yakavuja, yakashika moto, diski ya turbini (gurudumu zito la chuma linaloshika mapanga ya nyuma ya injini) ikalegea na kupasuka, vipande vikatoboa bawa na kukata nyaya. Kapteni Richard de Crespigny na wenzake walikaa hewani karibu saa mbili wakipambana na orodha ndefu ya maonyo kwenye skrini. Walipotua Changi, injini namba 1 ilikataa kuzimika. Zimamoto walilazimika kuimwagia maji kwa saa kadhaa huku mafuta ya ndege yakivuja karibu na breki zilizowaka joto. Hakuna aliyeumia ndani. Yote hayo yalianza na tundu lililokwenda kombo kwenye kitu ambacho ungekifungia kiganjani.

Nasikia ganda la injini huzuia vipande visitoke. Mbona basi kuna abiria aliyekufa kwenye ndege ya Southwest, lile shirika la Marekani?

Ganda hutengenezwa ili lizuie panga moja la feni likikatika. Kabla injini haijauzwa, kiwanda hukata panga makusudi ikiwa inazunguka kwa kasi ya juu ili kuonyesha kwamba haliruki nje. Diski ni habari nyingine. Ni nzito mno, na ikipasuka hakuna ganda linaloweza kubebeka angani litakaloizuia. Kinga ya diski ni isipasuke kabisa, maana yake ukaguzi. Mwaka 1989 diski ya feni ya injini ya mkiani ilipasuka kwenye DC-10 ya United, kasoro ikiwa ilikuwemo tangu chuma kilipoyeyushwa. Vipande vilikata mifumo yote mitatu ya haidroliki, ile inayosukuma vielekezi vya ndege. Kapteni Al Haynes na wenzake wakaielekeza ndege kwa kuongeza na kupunguza nguvu za injini mbili zilizobaki, mpaka uwanja wa Sioux City. Walikufa 112, wakapona 184, na marubani waliojaribu baadaye kuirudia hali hiyo kwenye mashine ya mazoezi walishindwa kutua salama.

Sasa Southwest. Tarehe 17 Aprili 2018 Boeing 737 iliyotoka New York kwenda Dallas ilikatika panga la feni la injini ya kushoto. Panga lenyewe halikutoboa ganda. Lakini liligonga mahali ambapo mtikisiko wake uliuvunja mfuniko wa nje wa injini, ule unaoonekana ukiwa kwenye kiti, na kipande cha mfuniko kikavunja dirisha. Abiria mmoja alivutwa kupitia pale, akafa. Kapteni Tammie Jo Shults alitua Philadelphia akiwa na wengine 148.

Kinachouma katika kisa hiki ni kalenda yake. Agosti 2016 ndege nyingine ya shirika hilo hilo, injini ya aina ile ile, ilikatika panga kwa uchovu ule ule na ikatua salama. Mtengenezaji akatoa waraka wa kushauri mapanga yapimwe kwa mawimbi ya sauti, kipimo kinachoona ufa ambao jicho halioni. Agosti 2017 mamlaka ya Marekani ikatoa pendekezo la kuifanya kazi hiyo iwe lazima, ikakusanya maoni. Mamlaka ya Ulaya iliweka amri yake mwanzoni mwa 2018. Aprili ilipofika, ya Marekani ilikuwa bado pendekezo. Siku tatu baada ya kifo ikatoka amri ya dharura: mapanga yaliyopitisha safari 30,000 yapimwe ndani ya siku 20. Kazi iliyosubiri miezi ikapewa majuma matatu. Waulize wahusika, kila mmoja atakuonyesha kwamba alifuata utaratibu, na atakuwa anasema kweli.

Kwa hiyo nani hasa anabeba dhamana ya usalama?

Abiria huuliza hili wakitaka jina moja. Yako manne, na kila moja linapenda kuyatazama mengine matatu.

Mtengenezaji wa ndege na wa injini hueleza kifaa kikaguliwe lini na kwa namna gani. Kampuni ya matengenezo hufanya kazi na kutia saini. Mamlaka ya nchi hutoa vyeti na kuvinyang'anya. Shirika la ndege ndilo lenye cheti cha kubeba abiria, na hapo ndipo mimi huweka kidole. Shirika linaweza kupeleka injini zake Addis Ababa au Istanbul, linaweza kukodi ndege, linaweza hata kukodi marubani, lakini wajibu wa kuhakikisha ndege inafaa kuruka haukodishwi. Wewe ulikata tiketi kwao.

Mfano wa kusikitisha ni wa Chicago. Tarehe 25 Mei 1979 DC-10 ya American Airlines ilidondosha injini yake ya kushoto ikipaa, ikapinduka, watu 273 wakafa, wawili kati yao wakiwa chini. Mtengenezaji alikuwa ameelekeza kwamba injini ishushwe kwanza, kisha mhimili unaoishikilia bawani ushushwe peke yake. Shirika likaona hiyo inakula muda. Likaanza kushusha vyote kwa pamoja kwa winchi ya foko, ile ya kubebea mizigo ghalani. Likaokoa karibu saa 200 za kazi kwa kila ndege. Sasa jaribu kufikiria dereva wa foko amebeba tani kadhaa, anatakiwa kulenga tundu kwa milimita, na zamu inaisha. Mhimili uliguswa, ukapata ufa, ndege ikaendelea kubeba watu kwa wiki nane. Shirika jingine lililotumia mbinu kama hiyo lilikuwa limeshaona nyufa kwenye ndege zake, likazitengeneza, na habari haikuwafikia wengine ipasavyo.

Kisa cha pili kimeisha vizuri, na kwangu kinafundisha zaidi kwa sababu nayajua mazingira yake. Agosti 2001 Airbus A330 ya Air Transat ilibadilishwa injini ya kulia. Injini ya akiba ilikuwa toleo la nyuma kidogo, na pampu ya haidroliki iliyofungwa haikuendana na mabomba yake. Fundi aliona mambo hayakai. Alitafuta waraka wa mtengenezaji kwenye kompyuta, mtandao ukamkatalia, ndege inasubiriwa. Kazi ikamalizwa hivyo hivyo. Bomba la haidroliki likawa linasugua bomba la mafuta. Siku chache baadaye, juu ya Atlantiki, bomba la mafuta likapasuka. Marubani, bila kujua, wakaruhusu mafuta ya upande mzima kupita kwenda kwenye injini inayovuja. Zikazima zote mbili. Kapteni Robert Piché aliiteleza kwa takriban dakika 19 mpaka visiwa vya Azores, watu 306 wakapona.

Ile hali ya "ndege inasubiriwa" naijua. Nimewahi kusimama juu ya ngazi saa tisa usiku nikiwa na tochi mdomoni, boroskopi, kamera nyembamba ya kuchungulia ndani, imeingia kwenye tundu la injini, na kwenye skrini naona mkwaruzo kwenye ncha ya panga la kompresa. Unapima: umezidi kiwango au haujazidi? Chini yuko msimamizi wa zamu, hasemi neno, anatazama saa yake tu. Mkwaruzo ulizidi kwa unywele. Nilikataa kusaini, safari ya alfajiri ikafutwa, na wiki nzima nilisalimiwa kwa ubaridi. Shirika silitaji, limeshakufa. Shirika salama nalitambua kwa jambo moja: fundi anayesema hapana halazimiki kuwa shujaa.

Mamlaka zetu za anga zinafanya nini?

Mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania ni TCAA, ya Kenya ni KCAA, na kila nchi jirani ina yake. Kwa Mkataba wa Chicago wa 1944, nchi iliyosajili ndege ndiyo inayothibitisha kwamba inafaa kuruka. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina wakala wake wa pamoja, CASSOA, wenye makao Entebbe, wa kuoanisha kanuni na kugawana wakaguzi.

Wengi walishtuka Umoja wa Ulaya ulipoiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa Ulaya, Desemba 2024, na Juni 2025 ukaongeza mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania. Mashirika ya Kongo yamo kwenye orodha hiyo kwa miaka mingi. Watu wakaanza kubishana kama marubani wetu ni wazuri au wabaya. Marubani wetu wengi ni wazuri sana. Unapofungia mashirika yote ya nchi kwa mpigo, unachokipima ni msimamizi: ana wakaguzi wa kutosha, wamefunzwa, na wakiandika kasoro inafuatiliwa mpaka ifungwe? Mkaguzi anayelipwa chini ya anayemkagua hadumu, shirika humchukua.

Mbona ndege mpya za ATCL (Air Tanzania) zilikaa chini? Mpya nazo huharibika?

Ndiyo, na tatizo halikuwa la Tanzania peke yake. Airbus A220 hutumia injini za Pratt & Whitney za kizazi kipya, zinazokula mafuta kidogo lakini vyuma vyake vya ndani vimechakaa upesi kuliko ilivyotarajiwa. Mwishoni mwa 2022 ATCL ilitangaza kuegesha baadhi ya ndege zake kwa sababu hiyo, na mashirika ya nchi nyingine yakaegesha zao. Mwaka 2023 mtengenezaji huyo huyo akakiri kasoro kwenye unga wa metali uliotumika kutengeneza diski za injini za Airbus A320neo, zikaitwa kwa mamia. Foleni kwenye karakana ikawa ya miezi.

Ni hasara, ni aibu mbele ya abiria, na mitandaoni ilikuwa vichekesho. Mimi nilikuwa upande wa walioegesha. Ndege iliyofungwa turubai kwenye injini haijawahi kumdhuru mtu.

Nipande ndege nzee?

Uliza inatunzwa vipi. Injini ya ndege ya miaka 25 inaweza kuwa imevuliwa na kujengwa upya mara kadhaa. Ya ndani ni mpya kuliko unavyodhani.

Vile vindege vya injini moja vya Zanzibar na mbugani je?

Vingi ni Cessna Caravan, yenye injini moja ya turbini ya PT6, mojawapo ya injini zenye sifa nzuri kuliko zote. Ikizima, rubani anaweza kuitua polepole kwenye uwazi wa kawaida, jambo ambalo Boeing haiwezi. Ila hana injini ya pili ya kumpa muda wa kufikiri, kwa hiyo yote hutegemea alikuwa kimo gani na chini yake kuna nini. Vaa mkanda, sikiliza maelezo ya boya hata kama safari ni dakika 20.

Inakuwaje ndege yenye injini mbili tu iruhusiwe kuvuka bahari?

Zamani ndege ya injini mbili haikuruhusiwa kuwa mbali na uwanja zaidi ya dakika 60. Tangu 1985 muda umeongezwa kwa wanaothibitisha uaminifu wa injini na wa matengenezo: dakika 120, kisha 180 na zaidi. Kwa kibali cha 180, injini za aina hiyo zinatakiwa zisizime angani zaidi ya mara moja katika saa 50,000 hivi za kazi. Hata hivyo kibali hupewa shirika, hakiji pamoja na ndege kama kitabu cha maelekezo.

Ajali ya Bukoba ya 2022 ilikuwa injini?

Hapana. Ndege aina ya ATR ya Precision Air ilitumbukia Ziwa Victoria tarehe 6 Novemba 2022 ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa. Walikufa 19 kati ya 43. Swali zito la siku ile lilikuwa la uokoaji: waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao.

Kwa nini ripoti za uchunguzi huchelewa, na mbona hazimtaji mwenye kosa?

Kwa kanuni za ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, ripoti ya awali hutakiwa ndani ya siku 30 na ya mwisho ndani ya mwaka mmoja ikiwezekana. Mara nyingi haiwezekani. Na uchunguzi huo ni wa kuzuia ajali nyingine. Kutafuta wa kushtaki ni kazi ya mahakama. Kazi hizo mbili zikichanganywa, fundi atanyamaza, na ufa mwingine utabaki palepale.

Ripoti ya awali isomwe kwa ilichosema tu. Boeing 787 ya Air India ilianguka Ahmedabad tarehe 12 Juni 2025, watu 260 wakafa. Ripoti ya mwezi uliofuata ilieleza kwamba swichi za mafuta za injini zote mbili zilihama kwenda upande wa kukata mara baada ya kupaa. Haikusema nani wala kwa nini. Kufikia jioni, mitandao ilikuwa imeshahukumu.

Nikiumia, au ndugu yangu akifa, nani analipa?

Safari ya kimataifa huongozwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, na Kenya na Tanzania zimo. Shirika lililokubeba hulipa bila wewe kuthibitisha kosa lake mpaka SDR 151,880, kiwango kilichoanza Desemba 2024. SDR ni kipimo cha fedha cha IMF, na hiyo ni takriban dola 200,000 za Marekani. Ni ukomo wa madai usiyohitaji kuyathibitishia kosa, kwa hiyo usikubali mtu akuambie ni malipo ya kila mmoja. Ukidai zaidi, shirika linaweza kujitetea kwamba halikuzembea au kwamba kosa lote ni la mwingine, kwa mfano mtengenezaji wa injini. Shirika likishalipa, lina haki ya kumfuata mtengenezaji huyo. Hilo ni lao wenyewe kwa wenyewe.

Una miaka miwili kufungua kesi. Ikipita, haki imekufa. Familia nyingi hukaa matanga, husubiri barua, hutia saini karatasi ya "malipo kamili" kwa fedha kidogo kwa sababu ada za shule hazingoji. Mtafute wakili kabla ya kalamu. Safari za ndani ya nchi hufuata sheria ya nchi husika.

Mimi abiria nifanye nini injini ikileta shida?

Hewani, kaa umefunga mkanda. Hatari kubwa iko chini, ndege ikishasimama. Agosti 1985 huko Manchester, Boeing 737 ilipasuka injini ikiwa bado haijapaa, tangi likatoboka, moto. Haikuwahi kuondoka ardhini, na watu 55 wakafa, wengi wao kwa moshi, wakisongamana milangoni. Taa za sakafuni na nafasi pana kwenye milango ya dharura vimepatikana kwa gharama ile.

Kwa hiyo hesabu viti kati yako na mlango, mbele na nyuma, maana kwenye moshi utahesabu kwa kupapasa. Mzigo uache. Naijua ile mikoba yenye pasipoti na dhahabu ya harusi. Weka pasipoti mfukoni kabla ya kupaa. Na usifungue mlango kabla ya amri: mwaka 2016 huko Chicago abiria waliteremka upande ambao injini isiyo na hitilafu ilikuwa bado inazunguka, na mmoja akaangushwa na upepo wake akaumia vibaya.

Nikiona kitu cha ajabu dirishani nimwambie nani? Sitaonekana mshamba?

Mwambie mhudumu, papo hapo, kwa sauti. Taja upande.

Tarehe 8 Januari 1989 Boeing 737 ya British Midland ilitoka London kwenda Belfast. Panga la feni la injini ya kushoto lilikatika, mtikisiko, moshi. Marubani wakaamini ni ya kulia, wakaizima, mtikisiko ukapungua kwa bahati tu. Kapteni akawatangazia abiria kwamba injini ya kulia ilikuwa na hitilafu na imezimwa. Nyuma kulikuwa na abiria, hata wahudumu, waliokuwa wameona kwa macho yao cheche zikitoka injini ya kushoto. Walisikia "kulia", wakatazamana, wakadhani kapteni anajua zaidi. Injini ya kushoto ikawabeba hivyo kwa dakika kadhaa, ikafa walipokuwa wanakaribia kutua, na ndege ikaanguka kando ya barabara kuu karibu na Kegworth. Walikufa 47.